Kusimama bila kutetemeka: kutoka reli ya Bububu hadi gari ya umeme

Leo tunaanzia mahali anapopajua kila mtu wa Unguja. Unatoka Bububu kuja mjini, gari imekolea mwendo, na mbele yako gari ya ng'ombe inaingia barabarani taratibu kana kwamba njia yote ni yake. Unakanyaga breki. Mwendo unapungua, lakini usukani unaanza kutetemeka mikononi na pedali inakupigapiga mguuni. Abiria wa mbele anakutazama. Unamjibu, "Ah, diski hizo, nitaipeleka kwa fundi," na safari inaendelea.

Sasa hebu tuseme gari hiyo ni ya umeme. Hamna injini inayonguruma, hamna klachi, hamna giaboksi yenye gia tano. Vyuma vinavyozunguka ni vichache mno. Mtu angetegemea mtetemo nao uishe. Mbona basi wahandisi wa gari za umeme bado wanaumiza vichwa kutafuta namna ya kulifanya gurudumu lisitetemeke wakati wa kufunga breki? Jibu lina historia ndefu, na kipande cha historia hiyo kimepita hapa hapa kwetu.

Nyumbu wa Sayyid Barghash

Mwaka 1879 Sayyid Barghash alijenga reli ndogo kutoka kasri yake Mji Mkongwe hadi Chukwani. Mwanzoni mabehewa yake mawili yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Reli ile ilitumika mpaka Sayyid alipofariki mwaka 1888, kisha ikang'olewa.

Nyumbu ana kitu ambacho injini ya mvuke haina: miguu yake inahisi ardhi. Akianza kuteleza, anabadilisha hatua papo hapo bila kuambiwa na mtu. Injini haihisi. Ukilibana gurudumu la chuma kwa nguvu zote, linaganda kabisa na kuanza kuserereka juu ya reli.

Mwaka mmoja kabla ya reli ya Chukwani, yaani 1878, watu wawili walikuwa karibu na Brighton, Uingereza, wakilipima jambo hili kwa makini. Mmoja ni Douglas Galton, mhandisi wa jeshi. Wa pili ni George Westinghouse, Mmarekani aliyevumbua breki ya upepo ya treni. Walifunga vipimo ndani ya behewa, wakawa wanafunga breki kwa kasi tofauti na kuandika nguvu iliyopatikana kila mara.

Walipata mambo mawili. La kwanza, kibao cha breki hakishiki sawasawa kwa kasi zote. Kadiri gurudumu linavyopunguza kasi ndivyo msuguano unavyozidi: kati ya maili 60 na maili 10 kwa saa, msuguano uliongezeka takriban mara tatu. La pili, gurudumu likishaganda na kuserereka, treni inachelewa kusimama kuliko pale gurudumu linapoendelea kuzunguka huku limebanwa. Yaani kubana zaidi si kusimama zaidi.

Karibu kila kitu kilichofuata, hadi kompyuta ya gari ya umeme, kimejengwa juu ya mambo hayo mawili.

1905: garimoshi na fidla

Reli ya pili ya Unguja ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheyney. Ilianza kazi mwaka 1905, ikitoka Mji Mkongwe hadi Bububu, maili saba hivi, sawa na kilomita 11. Ngome Kongwe ilitumika kama bohari wakati wa ujenzi wake. Picha za zamani zinaonyesha garimoshi likipita kwenye vichochoro karibu kabisa na milango ya maduka. (Wapo wanaosema jina la Bububu limetokana na mlio wa garimoshi lile. Lakini Seyyida Salme alikwishaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, kwa hiyo jina lina umri mkubwa kuliko reli.)

Mwaka huo huo wa 1905, hapa hapa mjini, kilianzishwa kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa. Nakitaja kwa sababu fidla ndiyo mwalimu bora wa somo letu.

Mpiga fidla hagongi uzi. Anauburuta kwa uta uliopakwa utomvu mkavu. Uta unanata kwenye uzi na kwenda nao. Uzi ukivutika kupita kiasi unachomoka na kurudi nyuma, halafu unanata tena. Nata, chomoka, nata, chomoka, mamia ya mara kwa sekunde moja. Kinachowezesha haya ni kwamba msuguano wa kitu kilichonata ni mkubwa kuliko msuguano wa kitu kinachoteleza kwa kasi. Ni lile lile jambo la kwanza la Galton.

Kibao cha breki kwenye gurudumu ni uta kwenye uzi. Kwa hiyo breki inaweza kulia, na hapo ndipo panapotoka ule mlio wa kukereketa meno wa treni inayoingia stesheni. Mlio ni mtetemo wa haraka sana. Ukiwa wa polepole hauusikii kwa sikio, unausikia kwa mikono na makalio. Kwa fundi wa magari hayo ni maradhi mawili tofauti, lakini yanatoka ukoo mmoja.

Treni ya Bububu iliacha kuchukua abiria mwaka 1922. Ikabaki kubeba mawe kwa ajili ya kazi za bandarini mpaka 1928, kisha barabara ikashinda. Kuanzia hapo habari ya kusimama Unguja ikawa habari ya matairi ya mpira.

Diski na unene wa unywele

Breki ya diski si kitu kipya. Mwingereza Frederick Lanchester aliiwekea hataza mwaka 1902. Ilijulikana duniani pale gari za Jaguar zenye diski ziliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953. Uzuri wake ni kwamba diski iko wazi, inapigwa na upepo, inapoa haraka. Ubaya wake ni kwamba inadai usawa wa ajabu.

Tofauti ya unene ya mikroni 10 hadi 20 tu, ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele mmoja, inatosha kukutetemesha usukani. Kila sehemu nene inapopita kati ya pedi, nguvu ya breki inapanda. Ikipita sehemu nyembamba, inashuka. Tuchukue tairi ambalo mzunguko wake ni mita mbili, gari ikienda kilomita 60 kwa saa. Gurudumu linazunguka kama mara nane kwa sekunde. Diski yenye sehemu moja nene itakupiga mara nane kwa sekunde. Yenye sehemu mbili, mara 16. Mwendo ukipungua, mapigo nayo yanapungua. Shikilia hilo, tutalihitaji mbele.

Breki inayorudisha umeme

Gari ya kilo 1,500 inayokwenda kilomita 60 kwa saa imebeba nishati ya kama kilojuli 208. Hiyo inatosha kuitoa lita moja ya maji kwenye nyuzi joto 30 na kuifikisha 80. Maji ya chai yanakaribia! Kwenye gari ya kawaida nishati hiyo yote inageuka joto la diski na kupotelea hewani kila unapofunga breki.

Mota ya umeme inaweza kufanya kinyume. Ikizungushwa na magurudumu badala ya kuyazungusha, inakuwa jenereta: inazuia mwendo na inarudisha umeme kwenye betri. Kwa kisiwa chetu hilo si jambo dogo. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari, kwa kebo kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 tukakaa tena miezi kama mitatu. Kebo mpya ya megawati 100 ilikamilika mwaka 2013. Aliyeyapitia yale hahitaji kufundishwa kutoupoteza umeme.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza John Raworth aliziwekea tramu mfumo wa kurudisha umeme kwenye waya wa juu. Udhaifu wake ulikuwa huu: umeme unaorudi lazima upate pa kwenda. Ukikosa, breki inapungua wakati ule ule dereva anapoihitaji. Mwezi Novemba 1911 tramu ya namna hiyo ilipata ajali huko Rawtenstall, na serikali ya Uingereza ikaupiga marufuku mfumo huo. Ilipita kama miaka 20 kabla haujarudi.

Funzo lake ni kwamba ukiwa na breki mbili za tabia mbili tofauti, hatari iko kwenye kupokezana. Wafikirie wachukuzi wawili wa Malindi wanaopokezana gunia la karafuu. Kila mmoja ana nguvu za kutosha. Gunia linaanguka pale wa kwanza anapoachia kabla wa pili hajashika.

Miaka mia baada ya Galton

Mwaka 1978, miaka 100 kamili baada ya vipimo vya Brighton, kampuni ya Bosch ilitoa mfumo wa ABS wa kielektroniki uliofungwa kwenye Mercedes-Benz S-Class. Mfumo ulipewa vihisio vya mwendo wa magurudumu. Gurudumu likitaka kuganda, kompyuta inalegeza breki, linazunguka kidogo, inabana tena. Legeza, bana, legeza, bana, mara kadhaa kwa sekunde. Hatimaye gari ikapata miguu ya nyumbu. Ule mpigo unaousikia kwenye pedali ukifunga breki ghafla kwenye mchanga au maji, huo ndio mfumo unavyofanya kazi, si ugonjwa. Usiachie mguu.

Sasa tufike kwenye Nissan Leaf, iliyoingia sokoni Disemba 2010. Mota yake haina klachi; imeunganishwa na magurudumu moja kwa moja kupitia gia moja tu na shafti mbili. Mota inazunguka kama mara 7.9 kila gurudumu linapozunguka mara moja. Kwa sheria za fizikia, uzito wa mzunguko wa mota unavyohisiwa na gurudumu unazidishwa kwa namba hiyo mara yenyewe, yaani kama mara 63. Kwa hiyo nyuma ya gurudumu linalotaka kulegea na kubana haraka haraka kuna kitu kizito kinachokataa kubadilisha mwendo. Kati yao iko shafti ya chuma, ambayo kwa macho ni ngumu lakini kwa nguvu hizi inajipinda na kujipindua kama springi.

Mkumbuke mtoto kwenye pembea ya sikukuu pale Mnazi Mmoja. Huhitaji nguvu kubwa kumfikisha juu. Unahitaji kumsukuma kwa wakati wake. Shafti, mota na gurudumu nazo zina wakati wao, mara chache hadi kama kumi kwa sekunde. ABS nayo inalegeza na kubana mara kadhaa kwa sekunde. Mipigo miwili ikikutana, breki inakuwa ndiyo inayosukuma pembea. Gurudumu linatetemeka, na linapotetemeka linashika barabara vibaya, na kompyuta inasoma mwendo unaoyumba na kuamua vibaya zaidi. Hapo mtetemo si kero tena. Ni mita kadhaa za kusimama zinazopotea, na mbele kuna mtoto wa skuli anavuka.

Dawa mbili

Dawa ya kwanza ni kuiondoa mota njiani: ABS ikianza kazi, breki ya umeme inapunguzwa na pedi zinachukua kazi yote. Inaonekana rahisi, lakini mkumbuke mchukuzi na gunia. Mwezi Februari 2010 kampuni ya Toyota iliita zaidi ya gari 400,000 za mseto duniani, zikiwemo Prius, ili kubadilisha programu ya ABS. Madereva walilalamika kwamba wakifunga breki taratibu kwenye mashimo au barafu, kuna kijisehemu cha sekunde wanahisi gari haishiki. Vyuma havikuwa na tatizo. Kilichorekebishwa ni programu, yaani namna na wakati wa kupokezana.

Dawa ya pili ni ya kijanja zaidi: badala ya kuifukuza mota, iajiri. Breki ya mafuta inachukua muda kuitikia, lakini mota inaweza kubadilisha nguvu yake ndani ya milisekunde chache. Kompyuta inakadiria mota ingezunguka vipi kama shafti isingejipinda hata kidogo, inalinganisha na inavyozunguka kweli, na ile tofauti ndiyo mtetemo. Kisha inaiamuru mota isukume kidogo upande wa pili. Ni sawa na mzazi anayeigusa pembea kwa kiganja kila inaporudi mpaka inatulia. Wahandisi wa Leaf walitumia udhibiti wa namna hii, na leo ni jambo la kawaida kwenye gari za umeme. Kile kilichokuwa chanzo cha mtetemo kimegeuzwa kuwa dawa yake.

Lakini sisi tuna chumvi

Ngoja kwanza, hatujamaliza. Yote hayo yametatuliwa kwenye nchi za watu. Unguja ina lake.

Gari ya umeme inasimama kwa mota mara nyingi kuliko kwa pedi. Tunasifu kwamba pedi zinadumu, na ni kweli. Lakini pedi zinapoibana diski huwa pia zinaisugua na kuisafisha. Diski isiyosuguliwa, kwenye hewa yenye unyevu na chumvi, inaota kutu. Ikiwa gari imeegeshwa siku kadhaa Forodhani au Nungwi, pale pedi zilipogusia diski kutu inaota tofauti na kwengine. Diski inapata sehemu nene na nyembamba, na mikroni zetu 10 zinapatikana bila taabu. Yaani gari iliyotumia pedi kidogo inaweza kutetemeka kwa sababu hiyo hiyo ya kuzitumia kidogo.

Tatizo hili halimo Unguja peke yake. Volkswagen walipotengeneza ID.3 walirudi kwenye breki za ngoma kwa magurudumu ya nyuma, teknolojia ambayo wengi waliiona ya kizee, kwa sababu ngoma imefunikwa na kutu haiingii kirahisi. Kwa mwenye gari yenye diski, dawa ni ya bure: mara moja moja, barabara ikiwa tupu, funga breki ya nguvu ili pedi zisugue. Zipo gari zinazokuruhusu kupunguza breki ya umeme kwa muda ili kurahisisha hilo.

Fundi atasikia nini?

Gari za mseto za mitumba kutoka Japani zimo barabarani, na za umeme kamili zinafuata. Zikitetemeka zitapelekwa kwa fundi yule yule, na yeye kwa mazoea ataing'oa diski na kuipeleka kukerezwa. Pengine atakuwa sahihi. Pengine atakereza diski nzima isiyo na kosa, aifanye nyembamba, na mtetemo ubaki pale pale.

Historia yetu inampa kipimo kisichohitaji mashine. Funga breki kutoka kilomita 60 na usikilize mapigo. Yakipungua pamoja na mwendo wa gurudumu, tatizo liko kwenye kitu kinachozunguka nalo: diski, ringi au tairi. Yakibaki na kasi ile ile mwendo unapopungua, yanatoka kwenye kitu chenye wakati wake: shafti, mipira ya kushikilia mota, au programu. Yakija tu kwenye breki ya ghafla na pedalini, kuna uwezekano mkubwa ni ABS inafanya kazi yake. Na onyo moja: nyaya nene za rangi ya chungwa zina volti za kuua, usizikaribie bila mafunzo.

Kundi la pili ndilo linalonitia wasiwasi. Diski ya Unguja inaweza kukerezwa Unguja. Programu haikerezwi. Anayetaka kujua kama mota inatuliza mtetemo au inauchochea anahitaji chombo cha kusoma kompyuta ya gari, kitabu cha fundi, na ruhusa ya mtengenezaji. Bila hivyo fundi mwenye uzoefu wa miaka 30 anageuka mtu wa kubahatisha, na mwenye gari analipa kila bahati.

Kwa hiyo taasisi au mwenye biashara anayeagiza gari au basi za umeme asiulize bei na umbali wa chaji tu. Aulize pia: kitabu cha ufundi kinakuja nazo? Chombo cha kusoma kompyuta kitafanya kazi hapa, au kitadai kibali kutoka ng'ambo kila mara? Na vyuo vyetu vya ufundi vitafundisha somo hili kwenye gari gani? Maswali hayo ni rahisi kuyauliza kabla ya kulipa. Baada ya hapo yanakuwa maombi.

Endesheni salama. Na ukiiona gari ya ng'ombe mbele yako, ianze breki mapema.